Hesabu kwanza, nyundo baadaye: stesheni kuukuu na uchumi wa mzunguko

Mashariki mwa London kuna tawi dogo la Mto Lea liitwalo Prescott Channel. Mwaka 1994 mwanahistoria wa majengo Dan Cruickshank aligundua kwamba ndani ya maji yale, kwenye tope, yamelala mawe makubwa yaliyochongwa kwa ustadi: vipande vya nguzo za lango la stesheni ya Euston. Lango hilo lilijengwa mwaka 1837, kimo chake kama mita 21, na kwa zaidi ya karne nzima abiria wa London wanaokwenda kaskazini walipita chini yake. Mwishoni mwa 1961 lilianza kuvunjwa ili stesheni ipanuliwe. Ikatokea kwamba sakafu ya mto ilikuwa na shimo linalohitaji kuzibwa, na mawe yalikuwa yakitafuta pa kwenda.

Wakubwa wa reli walikuwa wamepiga hesabu. Kulihamisha lango mahali pengine kungegharimu pauni 190,000. Kulivunja, pauni 12,000. Frank Valori, mkandarasi aliyepewa kazi ya kuvunja, alisikitika kiasi cha kujitolea kuyapiga mawe namba na kuyahifadhi ili siku moja lango lisimame tena. Hawakumkubalia.

Ukiuelewa mkasa huo umeelewa sehemu kubwa ya kile wataalamu wanachokiita uchumi wa mzunguko katika ujenzi, yaani kuvitumia vitu tena na tena badala ya kuvitupa. Neno lenyewe limeshaenea kwenye semina na ripoti, na wengi wakilisikia huwaza chupa za plastiki na mapipa ya rangi tatu. Kwenye majengo maana yake ni tofauti kidogo, na kwa majengo ya usafiri, yaani stesheni, karakana za treni, maghala ya forodha na vituo vya mabasi, ina uzito wa pekee. Majengo hayo ni makubwa, yamekaa katikati ya miji, na huachwa na kazi yake mapema.

Kanga na dekio

Fikiria maisha ya kanga. Ikiwa mpya huvaliwa kwenda harusini au msibani. Ikianza kupauka huwa ya kushinda nayo nyumbani na kubebea mtoto. Ikichakaa zaidi hukatwa nepi, na mwisho kabisa huwa dekio. Hakuna mama anayeichukua doti mpya kutoka dukani akaichana kwa ajili ya kupigia deki. Angeambiwa amerukwa na akili.

Mawe ya Euston yalikuwa kanga mpya iliyofanywa dekio. Hayakupotea, na mtu mwenye moyo mwepesi angeweza hata kusema kwamba yalitumika tena, kwa kuwa yaliziba shimo. Ila thamani yake yote ya kuchongwa, kupangwa na kusimama ilishushwa hadi thamani ya kokoto. Hapo ndipo wengi wanapojichanganya. Kampuni ikivunja jengo, ikasaga zege na kulimwaga chini ya barabara, ripoti yake itasema imechakata asilimia kadhaa ya taka. Ni kweli, lakini imeshuka ngazi zote kwa mkupuo mmoja.

Ngazi ya juu kabisa ni kuliacha jengo lilivyo na kuendelea kulitumia. Inayofuata ni kulipatia kazi nyingine huku mifupa yake ikibaki mahali pake. Kama hilo haliwezekani, unalifungua taratibu: mlango unatoka ukiwa mlango, boriti ikiwa boriti, tofali likiwa tofali, na kila kimoja kinakwenda kufanya kazi ileile kwingine. Chini ya hapo ndipo penye kuyeyusha na kusaga. Chuma kinarudi tanuruni, kioo kinarudi tanuruni, na moto huo una gharama yake. Kifusi cha kujazia mashimo ni ngazi ya mwisho kabla ya jaa.

Kuchakata, kwa hiyo, ni kama kwenda hospitali. Ni vizuri ipo, lakini hupangi maisha yako ili ufike huko.

Hewa ukaa ya mwaka 1900 hairudi

Hapa kuna fundo ambalo hata watetezi wa majengo ya kale hulifunga vibaya. Husema: jengo hili limebeba tani nyingi za hewa ukaa ndani yake, tukilivunja tunazipoteza. Sentensi hiyo ina mvuto, ila hesabu yake imekaa upande.

Tuchukue Gare d'Orsay ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1900 na ambayo leo ni jumba la makumbusho. Ujenzi wake ulitumia tani 12,000 za chuma. Mnara wa Eiffel, ule unaotolewa mfano kila siku, una tani 7,300 hivi za chuma. Moshi uliotoka kwenye matanuru ili kupata zile tani 12,000 ulishapaa angani kabla babu zetu hawajazaliwa. Ukilivunja jengo hautarudi, na ukilihifadhi hautafutika. Umeshakwenda.

Kinachookolewa ni moshi wa jengo jipya ambalo halitajengwa. Kutengeneza tani moja ya chuma kipya kutokana na mawe ya madini, kwa tanuru la makaa, hutoa kama tani 2 za hewa ukaa. Piga hesabu ya haraka: kusimamisha leo mifupa ya Orsay upya kungetoa kama tani 24,000, kabla ya kuweka hata kioo kimoja. Jengo la leo lingetumia chuma kidogo zaidi, sawa, lakini sura ya hesabu inabaki ileile. Swali la kumuuliza mwenye mali ni hili: ukivunja, utajenga nini, kwa saruji na chuma kiasi gani? Akijibu kwamba hajengi kitu, hoja ya hewa ukaa inapungua nguvu na inabidi utafute nyingine.

Saruji ina tatizo lake la ziada. Watu wa pwani wanaojua tanuu la chokaa wataelewa mara moja. Ukichoma mawe ya chokaa au matumbawe, sehemu ya jiwe lenyewe hupaa kama hewa ukaa, mbali na moshi wa kuni. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma jiwe la aina hiyohiyo, kwa moto mkali zaidi, kwa mamilioni ya tani. Ndiyo maana saruji peke yake inachangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa itolewayo na binadamu. Ukibadilisha nishati ya kiwanda ikawa ya jua tupu, sehemu kubwa ya hewa hiyo bado itatoka, kwa sababu imo ndani ya jiwe.

Upande wa pili wa mizani upo, na anayeuficha anadanganya. Jengo kuukuu huweza kula umeme mwingi kuliko jipya. Ulaya, ambako nyumba hupashwa joto miezi 6 ya mwaka, ukumbi wa stesheni wenye paa la kioo ni sawa na kupasha joto uwanja wa mpira. Huko wanalazimika kupima: moshi tunaouepuka leo kwa kutojenga, dhidi ya moshi tutakaoutoa kidogokidogo kwa miaka 40. Kwetu mizani inalala upande mwingine. Dar es Salaam hakuna anayewasha hita, na Kenya karibu asilimia 90 ya umeme hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Jengo lenye paa la juu na matundu ya kupitisha hewa, kama mafundi wa reli walivyozoea kujenga, linaweza kukaliwa bila kiyoyozi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya madhara ya jengo letu hutokea siku linapojengwa. Hoja ya kutovunja ina nguvu zaidi Mombasa kuliko Brussels, na nashangaa kwamba hatuitumii.

Kwa nini stesheni hufa mapema

Stesheni hainyeshewi ikafa. Huuawa na mashine iliyojengewa. Orsay iliishiwa kazi ya safari ndefu mwaka 1939, jengo likiwa halijafika miaka 40, kwa sababu treni za umeme zilikuwa ndefu kuliko majukwaa yake, na jiji lilikuwa limeizunguka pande zote. Baadaye kukawa na mpango wa kuibomoa na kujenga hoteli. Ilinusurika, na mwaka 1986 ikafunguliwa kama makumbusho. New York, ukumbi wa abiria wa ndege wa TWA uliobuniwa na Eero Saarinen ulifunguliwa mwaka 1962, ukafungwa 2001. Ndege zilikuwa zimenenepa na abiria wameongezeka, kuta za zege zilizopinda kama mbawa zikashindwa kuwafuata. Tangu 2019 ni ukumbi wa mapokezi wa hoteli.

Mifupa huwa bado mizima. Msanifu Mwingereza Frank Duffy alifundisha kulitazama jengo kama matabaka yenye umri tofauti, na mimi huyaona kama mwili: mifupa ya nguzo na boriti yaweza kufika karne, ngozi ya nje miaka 20 au 30, mishipa ya nyaya na mabomba miaka 15 hivi, kuta za ndani na samani chini ya hapo. Kasoro ya ujenzi mwingi wa siku hizi ni kuyagandisha matabaka hayo pamoja. Bomba linazikwa ndani ya zege. Likioza, unavunja mfupa ili kutibu mshipa.

Stesheni za zamani ziliepuka dhambi hiyo bila kukusudia. Zilikuwa na nguzo chache zilizo mbali mbali, kuta za ndani karibu hakuna, sakafu iliyozoea uzito wa mabehewa na mwanga unaotoka juu. Ukiondoa treni, unabaki na mwavuli mkubwa.

Mji ndani ya mwavuli

Nipe nafasi nikae kidogo Brussels, maana huko mwavuli huo umetumiwa vizuri. Gare Maritime ilikuwa stesheni ya mizigo, imejengwa kati ya 1902 na 1907 kando ya mfereji, kwenye eneo liitwalo Tour & Taxis. Jina linatokana na ukoo wa Thurn und Taxis, ulioendesha posta ya Ulaya tangu karne ya 16 na kumiliki ardhi hiyo. Jengo lina urefu wa kama mita 280 na upana wa mita 140, kumbi kadhaa zilizounganishwa, mapaa yake yakibebwa na matao ya chuma yaliyofungwa kwa ribiti. Wakati linajengwa, Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alikuwa bado anaimiliki Kongo kama shamba lake binafsi. Msomaji wa Goma au Bukavu ana haki ya kuyatazama matao yale kwa jicho lake mwenyewe. Utajiri wa Ubelgiji wa enzi zile haukudondoka mawinguni.

Kazi ya eneo hilo ilikuwa kupakua shehena, kuikagua na kuitoza ushuru. Malori yakaja, reli ikapoteza mizigo. Kisha mwaka 1993 soko la pamoja la Ulaya likaondoa ukaguzi wa forodha kati ya nchi wanachama. Jengo likabaki na njiwa.

Ukarabati uliokamilika mwaka 2020, chini ya kampuni ya wasanifu ya Neutelings Riedijk, ulifanya jambo ambalo ukilieleza linaonekana jepesi mno. Haukugeuza ukumbi kuwa jengo moja kubwa la ofisi. Chini ya mapaa yale yalisimamishwa majengo madogo 12 ya mbao, yenye maduka na ofisi, kando kando ya njia pana ya katikati yenye bustani. Majengo hayo ni kama vibanda ndani ya soko, isipokuwa ni vibanda vya ghorofa. Paa la zamani linazuia mvua na upepo. Kinachopashwa joto ni vibanda, ukumbi wenyewe unaachwa karibu na hali ya nje. Ndivyo walivyolikwepa lile tatizo la kupasha joto uwanja wa mpira. Juu ya paa kuna paneli za sola, chini kuna visima vya joto la ardhini, na maji ya mvua yananywesha bustani.

Mbao zenyewe ni za kugundishwa tabaka juu ya tabaka, nyuzi zikipishana ili ubao usipinde. Ni nyepesi kuliko zege, na kwenye jengo kuukuu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu hutaki kuchimba misingi mipya mirefu katikati ya nguzo za karne iliyopita. Vipande vilitengenezwa kiwandani vikaja kuunganishwa papo hapo kwa viungo vikavu.

Tuvisogelee viungo vikavu, maana ndipo penye siri yote. Chukua boriti mbili. Ukizimwagia zege kwenye maungio zimeoana hadi kufa. Kuzitenganisha ni kuvunja angalau moja. Ukizichomelea, utahitaji kuzikata kwa gesi, na kila mkato unakula chuma na kuacha kovu. Ukizifunga kwa bolti na nati, atakuja fundi mwaka 2070 akiwa na spana, atalegeza, atashusha boriti, ataifuta vumbi, na itakuwa boriti ileile kwa urefu uleule. Tofauti kati ya rasilimali na taka ni ile nati. Wasanifu wanaita jambo hilo kujenga kwa kufunguka, na Gare Maritime ilijengewa vibanda vyake kwa mtazamo huo: siku ofisi zikipitwa na wakati kama mabehewa yalivyopitwa, zifunguliwe zitoke, mwavuli ubaki ukisubiri wapangaji wengine.

Uholanzi, mji wa Tilburg, wamefanya kitu cha undugu na hicho. Karakana ya vichwa vya treni ya mwaka 1932, mita 90 kwa 60, kimo mita 15, ilifunguliwa mwaka 2019 kama maktaba ya mji, na mwaka huohuo ikatangazwa jengo bora la mwaka kwenye tamasha la kimataifa la usanifu. Reli zimeachwa sakafuni, na juu yake zinateleza meza kubwa zenye magurudumu ambazo watu huzisogeza kulingana na shughuli ya siku. Kuta za kugawa ukumbi ni mapazia makubwa ajabu, na mji huo uliishi kwa kufuma nguo za sufu. Unavuta pazia, chumba kimezaliwa. Unalirudisha, kimekufa, na hakuna kifusi.

Tofali, chuma na sumu

Sasa kazi chafu. Si kila kitu ndani ya jengo kuukuu kinafaa, na anayekuambia kinafaa hajawahi kushika nyundo.

Mtazame fundi anayesafisha matofali yaliyotoka kwenye ukuta wa zamani. Akishika tofali lililojengwa kwa chokaa, hugonga mara mbili tatu kwa ubapa wa kisu cha nyundo, chokaa inamomonyoka kama mkate mkavu, na tofali linabaki safi. Akishika lililojengwa kwa saruji, anagonga, anagonga tena, na kinachopasuka ni tofali. Saruji imekuwa ngumu kuliko kile inachokishikilia. Ndiyo sababu kuta za stesheni za karne ya 19 mara nyingi zinaweza kufunguliwa tofali kwa tofali, na ukuta wa mwaka 1985 unaishia kifusi. Usasa ulitupatia ukuta imara zaidi na matofali ya kutumika mara moja.

Chuma nacho kina ukoo. Nguzo nyingi za stesheni za kale ni za chuma cha kusubu, kilichomiminwa kwenye kalibu. Hicho hubeba uzito wa kukandamizwa bila kulalamika, lakini ukikivuta au kukipiga kwa ghafla hukatika kama chungu, tena hakipendi kuchomelewa. Boriti za wakati huo huenda ni za chuma cha kufua, chenye nyuzinyuzi kama mti. Chuma cha kisasa ni mtu mwingine kabisa. Mhandisi hawezi kuangalia kwa macho akaidhinisha. Hukata kipande kidogo mahali ambapo hakitadhuru, akakipeleka maabara kikavutwa hadi kikatike, ndipo ajue ana nini mkononi. Vipimo hivyo ni vya gharama, na mara nyingine ndivyo vinavyoua mradi, maana boriti mpya inakuja na cheti chake na ya zamani inakuja na kutu tu.

Halafu kuna vitu ambavyo lazima vitoke kwenye mzunguko na visirudi. Rangi za zamani zenye madini ya risasi, ambazo ukizipiga msasa vumbi lake linaingia kwenye damu ya fundi. Mabati ya asbesto na vifuniko vya asbesto kwenye mabomba ya mvuke. Mataruma ya mbao yaliyoloweshwa kreosoti, ambayo watu hupenda kuyafanya benchi za bustani na hayafai kukaliwa na mtoto. Udongo chini ya karakana ulionyweshwa mafuta ya mashine kwa miaka 80. Mwenye kupigia debe uchumi wa mzunguko bila kutaja haya anawauzia wengine ugonjwa.

Nani analipa?

Rudi kwenye pauni 190,000 dhidi ya 12,000. Kuvunja kwa mashine ni rahisi kwa sababu Ulaya mikono ni ghali na vifaa ni rahisi. Mtambo mmoja na dereva wake wanamaliza ukumbi kwa wiki chache. Kufungua kwa mkono kunataka watu wengi, nafasi ya kuhifadhia, na mnunuzi ambaye bado hajajulikana. Sheria nazo huweza kusukuma upande wa kuvunja. Uingereza, nyumba mpya ya kuishi haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, lakini ukikarabati iliyopo kwa kawaida unatozwa asilimia 20. Yaani serikali inayohubiri kupunguza hewa ukaa inamlipa mtu abomoe. Wasanifu wa nchi hiyo wamepiga kelele miaka kadhaa sasa.

Afrika Mashariki mambo yamegeuka kichwa chini. Hapa vifaa ni ghali na mikono ni rahisi, kwa hiyo ngazi za katikati tunazipanda kila siku bila semina. Mtaani kwetu jengo likivunjwa, kabla vumbi halijatulia mbao zimeshang'olewa misumari, misumari imeshanyooshwa, mlango umeshapata mnunuzi na nondo zimefungwa mafungu. Brussels wana ushirika uitwao Rotor DC, unaofungua majengo, kusafisha vigae, milango na taa, kisha kuviuza, na watu husafiri kwenda kujifunza kwao. Ni kazi nzuri. Ila muuza milango na madirisha ya mtumba angeitazama stoo yao akauliza bei tu, asingeuliza falsafa.

Tunachokosa ni ngazi za juu, kuuacha mfupa usimame, na tunakosa kumbukumbu. Hili la kumbukumbu linahitaji maneno mawili zaidi. Msanifu wa Uholanzi Thomas Rau ana hoja kwamba taka ni kifaa tu kilichopoteza utambulisho, na alikuwa miongoni mwa walioanzisha daftari la kielektroniki liitwalo Madaster, ambamo jengo linapata pasipoti: limo nini, kiasi gani, kimefungwaje. Makao ya benki ya Triodos aliyoyabuni, yaliyofunguliwa mwaka 2019, yameorodheshwa hadi skrubu zake: 165,312. Unaweza kucheka. Lakini siku ya kulifungua hakuna atakayekisia.

Linganisha na chuma chakavu kwetu. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, kwa sababu nguzo za umeme, vipuri vya reli na mifuniko ya mitaro vilikuwa vikiishia kwenye mizani ya wanunuzi. Marufuku iliondolewa miezi michache baadaye kwa masharti ya leseni. Walioumia ni pamoja na maelfu ya watu waliokuwa wakiokota kihalali, kwa kuwa juu ya mizani kipande cha daraja la reli na kipande cha kitanda kibovu vinafanana: kilo ni kilo. Kifaa kisicho na jina hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huibwa.

Zilizo mbele yetu

Haya si mambo ya mbali. Reli mpya ya Kenya, SGR, ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, kituo cha Mombasa kilikuwa Miritini na cha Nairobi kilikuwa Syokimau, nje ya katikati ya miji, stesheni za zamani zikabaki na ardhi ghali na treni chache. Nairobi yenyewe ilizaliwa na reli mwaka 1899, na ina makumbusho ya reli tangu 1971. Tanzania, treni za umeme zilianza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata, na Dar es Salaam jengo jipya liko jirani na stesheni kongwe. Reli ya kati ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, bado inafanya kazi, nayo ina stesheni, karakana na nyumba za wafanyakazi njia nzima. Mabasi ya mikoani yamehama Ubungo kwenda Mbezi tangu 2021. Kila uhamisho wa namna hiyo unaacha paa nyuma yake.

Mimi si mtu wa kulilia kila ukuta wa mkoloni. Baadhi ya majengo hayo ni mabovu, mengine yalijengwa ili kutunyonya, na mji unaokua una haki ya ardhi yake. Ombi langu ni dogo na ni la kihasibu: kabla ya zabuni ya kuvunja, itangulie orodha. Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo wa ukaguzi wa namna hiyo mwaka 2018, na hauhitaji teknolojia yoyote ambayo chuo chetu cha ufundi hakina. Wanafunzi wachache wa uhandisi, futi ya kupimia, kamera ya simu, mtu mmoja anayeijua asbesto akiiona. Wiki 2. Nguzo ngapi, za chuma gani, kenchi zimefungwa kwa bolti au zimechomelewa, matofali yamelala kwenye chokaa au saruji, mbao ni mvule au mninga. Orodha ikishakuwa mezani, anayetaka kuvunja aeleze atafanya nini na kila mstari.

Na kuna mahali pa kuanzia ambapo orodha imeshaandikwa. Pita karibu na nyumba za zamani za reli, tafuta uzio ambao nguzo zake ni vipande vya reli kuukuu vilivyosimikwa ardhini. Vingi vimekaa hapo tangu enzi za mvuke. Inama upande wa kiuno cha reli, pale pembamba kati ya kichwa na kitako, ufute kutu kwa kidole gumba. Mara nyingi utakuta herufi zilizonyanyuka ambazo kiwanda kilizipiga chuma kikiwa bado cha moto: jina la kiwanda, uzito wa reli na mwaka.